WiFi Iko, Intaneti Hakuna: Ni Nani Amekata?

Wasee, kuna sentensi moja fupi ambayo karibu kila mtu mwenye simu ameisoma na ikamharibia jioni: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Alama ya WiFi imejaa pale juu, lakini video inazunguka tu kama matatu inayotafuta abiria saa nne asubuhi. Ukiingia kwa grupu ya ploti unapata kila mtu ako na jibu lake. Mmoja anasema zima uwashe. Mwingine anasema ni stima ilirudi na nguvu. Wa tatu, huyu hakosi, anasema "wametufungia."

Mimi ndio msee ambaye majirani hupigia simu ikifika hapo. Na kile nimeona ni kwamba shida kubwa si ruta. Shida ni kwamba watu hudhani WiFi na intaneti ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyotengenezwa na watu tofauti, miaka tofauti, wakitatua shida tofauti. Ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili kwenye mtandao uliozaa intaneti ulitumwa California tarehe 29 Oktoba 1969. Jina "Wi-Fi" lilikuja 1999. Hiyo ni miaka 30 katikati.

Kwa hivyo ile sentensi kwa simu yako inakwambia ukweli: kiungo cha kwanza cha mnyororo kiko sawa, lakini mahali fulani huko mbele kuna kiungo kimekatika. Na msimamo wangu leo ni huu: usipojua mnyororo umekatika wapi, kuna mtu atakuambia umekatika wapi, na wewe utabaki kuamini. Kenya imeambiwa mara kadhaa. Kwa hivyo tutembee polepole, kutoka kwa mkono wako hadi baharini Mombasa, tuone kila kiungo kilitoka wapi na kinapimwa aje.

Kiungo cha kwanza: redio ndogo kati yako na ruta

WiFi ni redio. Hakuna uchawi. Simu yako na ruta ni redio mbili ndogo zinazoongea.

Hii stori inaanzia Hawaii. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na matawi kwenye visiwa tofauti, na laini za simu za kuunganisha kompyuta zilikuwa ghali na mbovu. Profesa Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio, na mwaka wa 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ukaanza kufanya kazi. Shida ilikuwa moja: kompyuta zote zilitumia masafa yaleyale, na mbili zikiongea pamoja ujumbe unagongana na kuharibika. Suluhisho lao lilikuwa rahisi sana. Tuma ujumbe. Usipopata jibu kwamba umefika, ngoja muda wa kubahatisha, kisha tuma tena.

Fikiria mkutano wa chama ambao hauna mwenyekiti. Watu wawili wanaanza kuongea pamoja, wote wananyamaza, halafu mmoja anaanza tena kabla ya mwenzake. Mambo yanaendelea. WiFi yako ya leo bado inabeba wazo hilo, ila sasa imefunzwa pia kusikiliza kwanza kabla ya kuongea.

Mwaka wa 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie masafa fulani bila leseni, yakiwemo ya 2.4 GHz. Hayo yalikuwa masafa ambayo hakuna mtu aliyeyagombania, kwa sababu yalishajaa kelele za mashine zingine kama maikrowevu ya kupasha chakula. Yaani WiFi ilizaliwa kwa kipande cha ardhi ambacho matajiri hawakukitaka. Kampuni ya NCR, watu wa mashine za kulipia dukani, ilikuwa inatafuta njia ya kuunganisha mashine hizo bila kuvuta nyaya kila duka likipangwa upya. Mhandisi wao huko Uholanzi, Vic Hayes, akaongoza kamati ya kuandika kanuni ambazo kila kampuni ingefuata. Kanuni za kwanza zilitoka 1997, na kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka wa 1999 zikaboreshwa hadi megabiti 11, na wauzaji wakalipa kampuni ya kubuni majina iwatafutie jina tamu. Wakaletewa "Wi-Fi." Usisumbuke kutafuta kirefu chake. Ni jina tu.

Kuna na Australia. Wanasayansi wa taasisi ya CSIRO, wakiongozwa na John O'Sullivan, walikuwa wametafuta mawimbi madogo sana ya redio kutoka kwa mashimo meusi angani. Hawakuyapata. Lakini hesabu walizotumia kusafisha mawimbi yaliyochafuka zilisaidia baadaye kutatua shida ya ndani ya nyumba: redio inapogonga ukuta, kabati na dari, inarudi kama mwangwi na kuvuruga ujumbe. Waliingiza mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwa hataza ya kazi hiyo.

Sasa kipimo. Alama ya WiFi kwa simu hupima sauti ya redio kati yako na ruta, basi. Haijui chochote kuhusu dunia ya nje. Kujua kama kiungo hiki ni kizima, pindua ruta uangalie kibandiko chini yake. Kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwa brauza. Ukurasa wa ruta ukifunguka, WiFi yako ni nzima kabisa na unaweza kuacha kuitukana.

Usipofunguka, sogea karibu na ruta ujaribu tena. Kama mnaishi ploti ya ghorofa sita na kila nyumba ina ruta yake, kumbuka kwamba masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu ambazo haziingiliani: 1, 6 na 11. Ruta 20 zinagombania viti vitatu. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, ihamie huko. Ina nafasi zaidi na kasi zaidi, ila ukuta wa mawe huishinda haraka.

Kiungo cha pili: keateka mwenye daftari

Ruta si redio peke yake. Ndani yake kuna keateka.

Kila kifaa kwenye intaneti kinahitaji anwani ya namba. Mfumo wa anwani ambao ulianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983 una nafasi za anwani karibu bilioni 4.3. Wakati huo kompyuta zilikuwa chache na kubwa kama friji, kwa hivyo hiyo namba ilionekana haiwezi kwisha. Kufika miaka ya mwanzo ya 1990, wahandisi wakapiga hesabu wakaona zitaisha.

Suluhisho lililotoka 1994 linaitwa NAT, na walioliandika walisema wazi kwamba ni la muda tu. Wasee, hilo la muda bado ndilo linakupea intaneti leo jioni. Tunajua hizi mambo za muda.

Linafanya kazi kama sanduku la posta la shule. Wanafunzi 800 wana S.L.P. moja. Barua inatoka ikiwa na anwani ya shule, na jibu likirudi kuna mtu ofisini ana daftari linalosema nani aliandika kwa nani, ndiyo barua ifike bweni sahihi. Ruta yako ina hilo daftari. Dunia nje inaona anwani moja, wewe ndani mna simu tano, runinga na laptopu ya mtu anayedai anasoma. Kila moja inapewa namba ya ndani, zile za 192.168, ambazo zilitengwa kwa matumizi ya ndani mwaka wa 1994. Kazi ya kugawa hizo namba nayo ina kanuni zake tangu 1993, zinaitwa DHCP. Keateka anakupa namba ya nyumba ukiingia, na ukihama anampa mwingine.

Ukielewa hapo, umeelewa kwa nini "zima uwashe" hufanya kazi. Daftari linaweza kujaa au kuchanganyikiwa. Majibu yanarudi kutoka nje lakini keateka hajui apeleke wapi. Ukizima ruta, daftari la zamani linatupwa na anaanza jipya. Vuta waya kwa ukuta, hesabu hadi 30, rudisha, halafu mpe dakika mbili tatu aamke. Kwa simu, chagua kuusahau huo mtandao kisha uingie upya na paswadi, ndiyo uombe namba mpya.

Kama unatumia laptopu na ukiangalia anwani yake unakuta inaanza na 169.254, hiyo ni dalili safi. Maana yake mashine ilibisha mlango wa keateka, hakuna aliyejibu, ikajiandikia namba yenyewe. Shida iko kati yako na ruta, si kwa kampuni.

Na tafadhali, kile kitundu kidogo cha kudunga na sindano nyuma ya ruta usikiguse. Hicho hakizimi na kuwasha. Kinafuta kila kitu, pamoja na mipangilio ambayo fundi wa kampuni aliweka, na utamngoja fundi huyo siku mbili.

Kiungo cha tatu: kitabu cha majina

Keateka yuko sawa, lakini bado kurasa hazifunguki. Sasa tunaingia kwa majina.

Mashine hutafutana kwa namba, watu hukumbuka majina. Zamani, kulikuwa na faili moja tu iliyoandika majina yote na namba zake, na ilitunzwa na ofisi moja huko California iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako mpya ijulikane, unapigia ofisi simu wakati wa kazi, wanakuandika. Ofisi ikifungwa jioni, ngoja kesho. Mtandao ulipokua, faili moja ikawa haitoshi, na mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kugawa hicho kitabu kwa seva nyingi duniani. Ndio tunaita DNS.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1983, mhandisi Mike Muuss alikuwa anahangaika na mtandao uliokuwa unafanya vituko kwenye maabara ya jeshi huko Maryland. Akaandika programu ndogo ya kutuma ujumbe na kungoja mwangwi urudi. Akaiita ping, kwa sababu ya ile sauti ya mitambo ya nyambizi inayotafuta vitu chini ya maji. Iliandikwa jioni moja, na mpaka leo ndiyo kitu cha kwanza fundi yeyote hushika.

Wewe pia unaweza. Kwa kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Kwa simu kuna programu nyingi za bure zinazofanya hivyo. Hiyo 8.8.8.8 ni kitabu cha majina cha Google kilichofunguliwa kwa umma Desemba 2009, na nzuri yake ni kwamba ni namba tupu, haihitaji kutafutiwa jina. Kama namba inajibu lakini tovuti hazifunguki, barabara iko wazi na kilichopotea ni kitabu. Nenda kwa mipangilio ya WiFi, badilisha DNS uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Dakika moja, umemaliza.

Hii si mambo ya ufundi peke yake. Machi 2014 serikali ya Uturuki ilifunga Twitter, na njia ya kwanza iliyotumia ilikuwa hiyohiyo ya kuharibu kitabu cha majina. Siku hiyo vijana wa Istanbul walichora ukutani, kwa rangi ya kupuliza, namba nne: 8.8.8.8. Serikali ilikuja na njia kali zaidi baadaye. Lakini fikiria picha hiyo. Somo la kutengeneza mtandao wa nyumbani liligeuka kuwa maandishi ya maandamano, kwa sababu kuna watu walijua ni kiungo gani kimekatwa.

Kiungo cha nne: waya wa kutoka nyumbani

Hapa nitapita haraka. Kama nyumba yenu ina faiba, kile kiboksi kina taa inayoitwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haufiki kwako. Labda waya umekunjwa nyuma ya kabati, labda nguzo imeanguka, labda kuna watu wanachimba barabara. Hakuna mpangilio wa simu utakaotibu hiyo. Piga simu kampuni.

Na kabla hujapiga, angalia kama mwezi umelipwa. Sitaki kusema mengi juu ya hilo.

Kiungo cha tano: Nairobi hadi Nairobi, kupitia angani

Sasa hapa ndio stori inakuwa yetu.

Tuseme kila kitu kwako ni kizima. Taa ni kijani, ukurasa wa ruta unafunguka, fundi anasema waya uko sawa. Na bado hakuna kitu. Basi mnyororo umekatika mbele ya mlango wako, mahali ambapo huna mkono. Hapa unategemea wenye njia. Na Kenya ina historia kali ya wenye njia.

Miaka ya 1990 intaneti ya hapa ilikuwa ya kupiga simu kwa modemu, na kutoka nje ya nchi kulitegemea setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka, na hapo nusu sekunde imeisha kabla hata seva haijafikiria. Kufika mwisho wa muongo huo njia ya kwenda nje ilikuwa mikononi mwa Telkom Kenya, ambayo kisheria ilikuwa peke yake.

Lakini ajabu haikuwa kwenda nje. Ajabu ilikuwa kukaa ndani. Kampuni za intaneti za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa mteja wa kampuni moja, ukimwandikia barua pepe rafiki wa mtaa wa pili ambaye ni mteja wa kampuni nyingine, ujumbe ulipanda setilaiti, ukaenda Marekani au Ulaya, ukageuka, ukarudi Nairobi. Yaani kumwambia msee wa Westlands "niko njiani" kutoka Ngara, unapitia ng'ambo. Na kila safari ililipiwa kwa dola.

Mwaka wa 2000 kampuni hizo zikaungana, zikaweka kifaa chumbani Nairobi, kila mmoja akavuta laini yake hadi hapo. Wakaita KIXP. Sasa ujumbe wa Nairobi ungebaki Nairobi. Ilianza Novemba 2000.

Ilidumu kama wiki mbili.

Telkom Kenya ililalamika kwamba KIXP inavunja haki yake ya kuwa peke yake. Mamlaka ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakubaliana nayo na kuamuru kifungwe. Zikafuata kesi, barua na mikutano kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wenye kampuni walirudia hoja moja: hatuuzi simu za nje, tunabadilishana tu barua za majirani. KIXP ilifunguliwa tena Februari 2002 ikiwa na leseni.

Mimi husimulia hii stori kila nikipata nafasi. Kwa sababu jaribu kuwa mtumiaji wa Desemba 2000. Uko kwa saiba, unalipa kwa dakika, ukurasa haufunguki. Unaona nini? Skrini inayozunguka. Hakuna mahali pameandikwa "polepole hii imetokana na uamuzi wa ofisi fulani." Unalaumu kompyuta, unalaumu mwenye saiba, unalaumu kidole chako. Kiungo kilikatwa kwa karatasi na muhuri, lakini kwa macho yako kilifanana na hitilafu ya kawaida.

Kiungo cha sita: bahari

Mwaka wa 2009 mambo yakabadilika kabisa. Mwezi Juni waya wa TEAMS, uliosukumwa na serikali yetu pamoja na kampuni za simu, ulifika Mombasa kutoka Fujairah huko Falme za Kiarabu, umbali wa karibu kilomita 5,000. Julai SEACOM nayo ikawashwa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kabla ya hapo pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na waya hata mmoja wa faiba chini ya bahari. Yote uliyoyazoea, video, michezo, kazi za mtandaoni, hata mimi na hizi posti zangu, yalipita kwa hizo nyaya.

Lakini waya ni waya. Februari 2012 meli ilitupa nanga karibu na bandari ya Mombasa ikaukata TEAMS. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na inaaminika ni nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa na Wahouthi ikaachwa ikielea. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kusini, upande wa Afrika Kusini, na Jumapili hiyo Kenya, Uganda, Tanzania na wengine tukaona mtandao ukitambaa. Wengi walizima ruta wakawasha, wakazima wakawasha. Ruta ilikuwa haina makosa.

Halafu ikaja tarehe 25 Juni 2024. Tunaikumbuka wote. Jana yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe, watu wakiwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha na wengine wakiwa wameingia Bunge, intaneti ikaanguka. Wapimaji wa nje kama NetBlocks waliiona kwa vipimo vyao. Kampuni za mawasiliano zikasema ni hitilafu kwa nyaya za baharini. Watu wengi hawakuamini. Uganda na Burundi pia ziliguswa, jambo ambalo kila upande ulilitafsiri kivyake.

Sitakuambia uamini nini. Ninachosema ni kwamba siku hiyo mamilioni yetu tulisoma ile sentensi moja, "hakuna intaneti," na wachache sana walikuwa na njia ya kuuliza swali linalofuata: imekatika wapi? Wengine walishuku, wengine wakaamini, lakini waliopima walihesabika. Na kushuku bila kupima ni rahisi kupuuza.

Kupima kunawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Van Jacobson aliandika programu inayoitwa traceroute, inayoorodhesha kila kituo ambacho ujumbe wako unapita, mmoja baada ya mwingine. Kwa Windows unaandika tracert 8.8.8.8. Mstari wa kwanza ni ruta yako. Inayofuata ni kampuni yako. Mbele zaidi unatoka nje ya nchi. Angalia majibu yanakatikia wapi. Yakiishia mstari wa kwanza, shida iko kati ya nyumba na kampuni. Yakipita kampuni halafu yakazimia, wako hawana njia ya kutoka. Kuna vituo vingine hunyamaza kwa makusudi, kwa hivyo ifanye siku mtandao uko sawa, piga picha ya skrini, uwe na kitu cha kulinganisha.

Kipimo kingine ni rahisi zaidi. Waya wa bahari ukikatika, vitu vilivyohifadhiwa humu nchini huendelea kufunguka kwa sababu ya KIXP na vituo kama hivyo. Ndiyo maana wakati mwingine video fulani za YouTube zinacheza vizuri huku tovuti nyingine za nje zimekufa. Nakala zake ziko hapa. Kile chumba kilichofungwa kwa amri mwaka wa 2000 ndicho kinatushikilia siku bahari ikisumbua.

Kwa hivyo

Ukikutana na hiyo sentensi tena, fuata mnyororo kwa mpangilio. Ukurasa wa ruta unafunguka? Taa ya LOS ikoje? 8.8.8.8 inajibu? Majina je? Traceroute inaishia mstari gani? Ni kazi ya dakika tano.

Halafu ukipigia kampuni simu, usiseme "WiFi haifanyi." Sema: ruta iko sawa, LOS haijawaka, ping ya 8.8.8.8 hairudi, traceroute inaishia kituo cha pili, tangu saa mbili usiku. Nimeona mazungumzo yakibadilika papo hapo. Yule wa simu anaacha kusoma karatasi yake ya "zima uwashe" na anakupitisha kwa fundi.

Na siku ambayo si nyumba yako peke yake, siku nchi nzima imezima na kila ofisi inatoa taarifa yake, weka picha za hivyo vipimo na saa zake. Watu wa KIXP walishinda kwa sababu walijua kabisa waya wao unaanzia wapi na unaishia wapi, na hakuna aliyeweza kuwadanganya juu ya hilo. Sisi tuko wengi kuwaliko. Fanya traceroute yako ya kwanza leo, wakati mtandao ungali mzuri, na mfunze mmoja wa grupu ya ploti.